Swali la Saba

Alishika kalamu juu ya karatasi kwa muda mrefu, ncha ikielea kati ya kisanduku cha pili na cha nne, kisha akainua macho. "Mwanangu, hapa nijibu lipi?"

Nilikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya usimamizi wa biashara. Yule mama alikuwa karani wa ghala katika kampuni ya kusafirisha mizigo niliyokuwa nafanyia utafiti wangu wa kumaliza chuo, na swali la saba la dodoso langu lilikuwa sentensi moja fupi: "Nimeridhika na mshahara na mazingira ya kazi." Chini yake visanduku vitano, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Nikamwambia achague kinacholingana na anavyojisikia. Akatikisa kichwa. "Mshahara haunitoshi. Lakini ninaofanya nao kazi hapa nawapenda mno, tunabebana. Sasa nikubali au nikatae?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikamwambia aweke alama katikati. Akaiweka taratibu, kama mtu anayesaini kitu asichokiamini, akaendelea na swali la nane.

Jioni ile nilikaa na madodoso yote yaliyokuwa yamerudi, nikafunua kila moja kwenye swali la saba tu. Alama nyingi zilikuwa katikati. Kama nisingekuwa nimesimama pale ghalani wakati yule mama anasita, ningeandika kwenye sura ya nne ya ripoti yangu, ile ya matokeo, kwamba wafanyakazi wengi hawana msimamo kuhusu kuridhika kwao kazini, na chati ningeichora. Kumbe watu wale huenda walikuwa na misimamo miwili kila mmoja, nami nimewapa kisanduku kimoja.

Siku hizi huwa nakaa na wanafunzi wa biashara wanaoandika mapendekezo yao ya utafiti, nikiwasaidia kusoma rasimu kabla hazijafika kwa wasimamizi wao. Karibu wote wanalibeba somo la mbinu za utafiti kama nilivyolibeba mimi: somo la kukariri. Wiki ya kwanza ni upozitivisti na ufasiri, mitazamo miwili kuhusu namna ya kuupata ukweli. Wiki ya pili ni utafiti wa kiidadi, unaotumia namba, na utafiti wa kimaelezo, unaotumia maneno, na jedwali la tofauti zake. Baadaye zinakuja aina za sampuli, aina za data, aina za vigeu (yale mambo yanayopimwa), na mtihani unauliza "taja na eleza". Mwanafunzi anafaulu vizuri kabisa, na miezi sita baadaye anapewa karatasi tupu aandike tatizo la utafiti na hajui aanzie wapi. Nimeliona hili mara nyingi mno kuamini kwamba ni uvivu wa wanafunzi.

Nadhani sehemu ya tatizo ni zile sura tano za ripoti ya utafiti. Utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo, hitimisho na mapendekezo. Mpangilio huo ni mzuri kwa msomaji, kwa sababu msomaji anataka kujua ulitafuta nini kabla hujamwambia ulichopata. Lakini hakuna anayefikiri kwa mpangilio huo. Mtu anafikiri kwa kuanza na jambo linalomkera au kumshangaza, anauliza watu wawili watatu, anasoma kidogo, anagundua swali lake ni bovu, analibadilisha, anasoma tena. Ripoti iliyokamilika inafuta safari hiyo yote. Mwanafunzi anayejifunza kwa kusoma ripoti za waliomtangulia anadhani wao walianza ukurasa wa kwanza wakamalizia wa mwisho, na yeye anayeyumba ndiye mwenye kasoro.

Sehemu nyingine ni kichwa cha utafiti. Kwenye biashara tuna kichwa kimoja tunachokirithishana: "Athari za jambo fulani kwa jambo fulani: mfano wa kampuni fulani." Athari za mafunzo kwa utendaji wa wafanyakazi. Athari za matangazo ya mitandaoni kwa mauzo. Changu kilikuwa "Athari za motisha kwa udumu wa wafanyakazi kazini". Nilikiandika kwa dakika tano na nikaona kina heshima.

Neno "athari" ni zito kuliko tunavyolichukulia. Ukisema mafunzo yana athari kwa mauzo, umedai kwamba bila mafunzo mauzo yangekuwa tofauti, na kwamba mafunzo ndiyo sababu. Sasa fikiria kampuni mia moja, umepima zinatumia kiasi gani kwa mafunzo na zinauza kiasi gani, ukakuta zinazofundisha sana ndizo zinazouza sana. Inawezekana mafunzo yanaleta mauzo. Inawezekana pia kampuni inayouza sana ndiyo pekee yenye fedha ya kulipia mafunzo. Au kuna jambo la tatu, tuseme uongozi makini, linalozaa yote mawili, mafunzo na mauzo, bila hayo mawili kugusana. Data zako zitafanana katika hali zote tatu. Programu ya takwimu itakupa namba ile ile. Kinachoweza kutenganisha hali hizo ni jinsi ulivyouandaa utafiti kabla ya kukusanya chochote: ulipima kabla na baada? Kuna waliopata mafunzo na wasiopata, na nani aliamua nani apate? Mwanafunzi aliyegawa dodoso mara moja, siku moja, kwa kampuni moja, hana haki ya neno "athari". Ana haki ya neno "uhusiano", nalo ni neno la heshima kabisa. Ninapomshauri mwanafunzi abadilishe neno hilo moja kwenye kichwa chake, mara nyingi ananiona nambania. Akikubali, utafiti wake wote unatulia, kwa sababu sasa anadai kile anachoweza kukitetea.

Mimi sikushauriwa hivyo, nikaingia ghalani na neno langu zito.

Kampuni ilikuwa na wafanyakazi 80. Sote tuliosoma biashara tunalijua lile jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, ambalo linakupa ukubwa wa sampuli kulingana na ukubwa wa kundi lako: watu 80 wanakupa sampuli ya 66, watu 1,000 wanakupa 278, na watu milioni moja wanakupa 384 tu. Nililiangalia, nikaandika 66, nikahisi sehemu ngumu imekwisha. Nilikuwa na namba iliyotoka kwenye jedwali, na namba iliyotoka kwenye jedwali haibishiwi.

Yule mama karani ndiye aliyeibisha. Alipomaliza dodoso alinirudishia, akauliza utafiti wenyewe ni wa nini. Nikamweleza: kampuni inapoteza wafanyakazi kila baada ya miezi michache, na mimi nataka kujua kwa nini wanaondoka. Akanitazama kwa upole wa mtu mzima anayemwona kijana amepotea njia.

"Wanaojua hilo hawapo hapa, mwanangu. Sisi ni tuliobaki."

Nimesoma vitabu kadhaa vya mbinu tangu siku ile, na sijakutana na maelezo yaliyoniingia kuliko sentensi hizo mbili. Nilikuwa natafuta sababu za watu kuondoka kwa kuwauliza watu ambao hawakuondoka. Jedwali liliniambia idadi ya watu wa kuuliza. Halikuwa na namna ya kuniambia kwamba nauliza kundi lisilohusika. Kama ningegawa madodoso 80 kwa watu wote 80, kosa lingebaki pale pale, limenenepa tu.

Baadaye nilielewa kwamba kosa hili lina ukoo mkubwa. Mwaka 1936 jarida la Marekani lililoitwa The Literary Digest lilituma karatasi za kura ya maoni zaidi ya milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais, Alf Landon au Franklin Roosevelt. Zilirudi zaidi ya milioni mbili. Jarida likatangaza Landon anashinda. Roosevelt akashinda kwa takribani asilimia 61 ya kura, na Landon akaambulia majimbo mawili, Maine na Vermont. Majina ya waliotumiwa karatasi yalitoka kwa sehemu kubwa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakati simu na gari vilikuwa vya wenye nafuu. Juu ya hapo, walioona umuhimu wa kujaza na kurudisha hawakufanana na waliozitupa. Mihadhara mingi husimulia sehemu ya kwanza na kuisahau ya pili. Kwa mwanafunzi wa biashara naona ya pili ndiyo nzito zaidi, kwa sababu inamkuta kila siku: umegawa madodoso 66, yamerudi 41, na unaandika "kiwango cha urejeshaji kilikuwa asilimia 62, kinachotosha kwa uchambuzi". Kinatosha kwa kipi? Wale 25 ni akina nani? Wana kazi nyingi kuliko wengine? Wanamwogopa meneja? Kwenye utafiti wa kuridhika kazini, asiyerudisha karatasi huenda ndiye uliyemfuata.

Nilirudi kwa msimamizi wangu nikiwa na aibu, nikamweleza swali la saba na maneno ya yule mama. Nilitarajia aniambie nimepoteza muhula. Aliniuliza jambo moja: "Unaweza kuwapata walioondoka?"

Hapo ndipo somo lilipoanza kwangu, na lilianza kwa kusoma vitu nilivyokuwa nimevinukuu bila kuvisoma. Nilikuwa nimeweka kwenye sura ya pili nadharia mbili za motisha kwa sababu kila mtu anaziweka. Sasa nilikuwa na tatizo halisi mkononi na nilihitaji mtu aliyewahi kulifikiria. Nikamkuta Albert Hirschman, mwanauchumi ambaye mwaka 1970 alieleza kwamba mtu asiyeridhika na shirika ana njia mbili kubwa: kuondoka au kupaza sauti, na kwamba utiifu wake kwa shirika ndio unaompa subira ya kupaza sauti kabla ya kuondoka. Niliposoma hivyo nilimwona yule mama. Alikuwa na malalamiko na hakuwa ameondoka. Na waliotoka, je, walipaza sauti kwanza? Kwa nani? Walisikilizwa? Maswali haya hayakuwemo hata moja kwenye dodoso langu la kurasa nne. Nadharia, ambayo kwangu ilikuwa pambo la sura ya pili, ikawa kitu cha kunionyesha nimeacha kuuliza nini. Tangu hapo sijaweza tena kumwambia mwanafunzi "weka nadharia mbili tatu". Namuuliza nadharia yako imekufanya uulize swali gani ambalo usingeuliza bila yake. Kama hakuna, aitoe.

Kitu kingine nilichokisoma upya ni tafiti za Hawthorne. Kila mwanafunzi wa biashara anajua kipande cha taa: kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago, miaka ya 1920, mwanga unaongezwa na kupunguzwa ili kuona kama uzalishaji utabadilika. Tunakariri kwamba wafanyakazi walibadilika kwa sababu waliangaliwa, tunapita. Lakini tafiti zile zilikuwa na sehemu nyingine isiyosimuliwa sana. Kuanzia 1928 waliendesha mpango wa mahojiano, na hadi ulipokoma walikuwa wamezungumza na wafanyakazi zaidi ya 20,000. Mwanzoni wahoji waliingia na orodha ya mada: usimamizi, mazingira, kazi yenyewe. Wafanyakazi walijibu, kisha wakahamia kwenye mambo mengine yaliyowagusa, na wahoji wakawa wanawarudisha kwenye orodha. Mwaka 1929 wakaacha kuwarudisha. Wakamwachia mfanyakazi achague mada, wao wakisikiliza na kuandika. Muda wa mahojiano ulirefuka kutoka nusu saa hadi saa moja na nusu hivi.

Sijui kwa nini hili halifundishwi kwa uzito ule ule wa taa. Watafiti waliokwishahoji maelfu walitambua kwamba orodha yao ilikuwa inawaziba watu midomo, wakaibadilisha katikati ya kazi. Kwangu huo ndio ujasiri wa mtafiti. Na nilipoona kwamba hata wao walilazimika kubadili, nilipata nguvu ya kuweka kando dodoso langu.

Sisemi dodoso ni baya. Mwanasaikolojia Rensis Likert alipoanzisha mizani yake mwaka 1932 alitupa kitu chenye thamani kubwa: njia ya kupima mtazamo kwa sentensi nyingi zinazozunguka jambo moja, badala ya kutegemea jibu moja la ndiyo au hapana. Shida ni kwamba tumechukua visanduku vyake vitano tukaacha kazi aliyoifanya nyuma yake. Kila sentensi inatakiwa kubeba wazo moja. Kila sentensi inatakiwa ijaribiwe kwa watu kabla ya kugawiwa. Kulijaribu dodoso, kwa wanafunzi wengi, maana yake ni kuwapa watu kumi wajaze kisha kukokotoa alfa ya Cronbach, namba inayotumiwa kupima uthabiti wa dodoso. Kumbe njia bora ni kukaa na mtu mmoja, umwombe asome kila swali kwa sauti na kukuambia analielewaje. Watu watano wa namna hiyo watakuonyesha maswali yako mabovu karibu yote. Nilikuwa nimefanya la kwanza, sikufanya la pili.

Na hapa niseme kuhusu ile alfa, kwa sababu ilinidanganya vizuri. Lee Cronbach aliieleza mwaka 1951, nasi tumefundishwa kwamba ikizidi 0.7 dodoso limefaulu. Yangu ilizidi 0.8. Nilifurahi nikaandika kwamba chombo changu ni thabiti. Lakini alfa inakuambia tu kwamba majibu ya sentensi zako yanakwenda pamoja, kwamba anayeweka alama ya juu hapa anaweka ya juu na pale. Haijui ulikusudia kupima nini. Watu wakijibu maswali kumi kwa woga ule ule, majibu yatakwenda pamoja kwa uzuri kabisa, na utakuwa umepima woga. Uthabiti na uhalali ni mambo mawili, na la pili halikokotolewi na programu kwa kubofya mara moja. Linatakiwa litetewe kwa hoja. Swali langu la saba lilikuwa ndani ya ile 0.8, limekaa kimya, halijamsumbua mtu.

Takwimu nilizipenda baadaye, nilipojua zilitoka wapi. Jaribio la t, kipimo cha kulinganisha wastani ambacho wanafunzi wanakibofya bila kufikiri, lilibuniwa na William Sealy Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Alikuwa na tatizo la kazini: angeamuaje kuhusu shayiri na ubora wa bia wakati ana vipimo vichache tu? Alichapisha jibu lake mwaka 1908 kwa jina la "Student", kwa kuwa mwajiri wake hakuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao. Nawasimulia wanafunzi wa biashara habari hii kwa makusudi. Wengi wanaamini takwimu ni kitu cha wanahisabati kilicholetwa kuwatesa. Hiki chombo kilizaliwa kwenye biashara, na mtu aliyelazimika kuamua jambo kesho asubuhi akiwa na data kidogo. Mwanafunzi akikijua kilitatua tatizo gani, anaanza kuuliza kama tatizo lake linafanana na lile.

Nirudi kwa walioondoka.

Ofisi ya rasilimali watu haikunipa namba zao, na haikupaswa kunipa. Niliwaomba waliobaki wawaulize kwanza wenzao waliotoka kama wangekubali kuzungumza nami, na aliyekubali alinitafuta mwenyewe. Mmoja akanielekeza kwa mwingine. Vitabuni hii ni sampuli ya kuelekezana, na udhaifu wake uko wazi: unafika kwa wenye marafiki, unamkosa aliyeondoka kwa hasira bila kumuaga mtu. Nililiandika hilo kwenye ripoti kwa maneno hayo hayo. Nilipata watu tisa.

Tisa baada ya 66. Niliogopa sana kwamba nitaonekana nimefanya kazi nusu. Kilichonituliza ni kujua kwamba Henry Mintzberg, ambaye kazi yake ya mwaka 1973 ilibadilisha jinsi tunavyoelewa shughuli za meneja, alikuwa amewafuatilia wakurugenzi wakuu watano tu, kila mmoja kwa wiki moja. Aliwaangalia kwa karibu wanachofanya, dakika kwa dakika, akakuta nusu ya shughuli zao zilichukua chini ya dakika tisa. Nilichohitaji kuonyesha ni kwamba watu tisa wanatosha kwa swali langu, na swali langu sasa halikuwa "wangapi" bali "ilikuwaje".

Nilikuwa na mwongozo wa maswali kumi. Mahojiano ya kwanza niliyaharibu kwa haraka: mtu akinyamaza, mimi naingiza swali linalofuata. Niliposikiliza rekodi usiku nilijisikia nikimkatiza mara nne, na mara mbili kati ya hizo alikuwa ndiyo kwanza anavuta pumzi kusema jambo. Nawaambia wanafunzi wanukuu rekodi zao wenyewe, neno kwa neno, hata kama saa moja ya sauti inakula nusu siku ya kuandika. Hakuna mhadhara utakaokufundisha kunyamaza kama kujisikia mwenyewe ukimziba mtu.

Kuanzia ya tatu yakaanza kufanana. Mshahara ulitajwa, ndiyo, kila mmoja aliutaja. Lakini walipofika kwenye siku yenyewe ya kuamua, walisimulia ratiba ya zamu. Ilibandikwa ukutani jioni kwa ajili ya kesho yake. Mtu hakujua kama kesho anaingia alfajiri au usiku, hakuweza kupanga masomo, hospitali, wala nani abaki na mtoto. Dada mmoja alisema aliomba ratiba ya wiki mara tatu, kila mara kwa mtu tofauti, na mara ya tatu aliambiwa kama kazi imemshinda aseme. Nikamkumbuka Hirschman. Dodoso langu lilikuwa na maswali 32, na neno "zamu" halikuwemo.

Wakati wa kuandika nikakutana na jambo ambalo darasani lilichukua nusu saa: kuficha majina. Nilikuwa nimeahidi kila mmoja kwamba hatatambulika, nikayafuta majina yote, nikaweka "mhojiwa wa kike, miaka 50 na zaidi, idara ya ghala" chini ya maneno ya yule mama niliyoyanukuu. Kisha nikaiangalia orodha ya kampuni. Mwanamke wa umri ule kwenye ghala alikuwa mmoja. Ningekuwa nimemtaja kwa jina bila kulitaja. Nilitoa umri, nikatoa idara, na nukuu moja nzuri kuliko zote nikaiacha nje kabisa, kwa kuwa mtu yeyote aliyefanya naye kazi angeitambua sauti yake. Kwenye kampuni ndogo, fomu ya ridhaa haitoshi kumlinda mtu. Inabidi uisome ripoti kwa macho ya meneja wake.

Mahojiano ya tisa yalikuwa na kaka aliyekuwa dereva. Tulizungumza zaidi ya saa moja, nikamshukuru, nikazima kinasa sauti na kuanza kukunja karatasi zangu. Hakunyanyuka.

"Kuna kitu hujaniuliza," akasema.

Nikakaa tena. Nikamwuliza kama naweza kuwasha. Akasema washa.

"Hujaniuliza kama ningerudi."

Nikamwuliza. Akafikiri kidogo, akasema angerudi kesho, kwa mshahara ule ule, kama ratiba ingetoka Ijumaa kwa wiki nzima.

Usiku ule niliongeza swali la kumi na moja kwenye mwongozo wangu. Asubuhi nikaanza kuwapigia simu wale wanane, mmoja baada ya mwingine, kuwaomba dakika tano zaidi.